Barua kwa Bi Wakili: "Wamenikatalia hata kukata rufaa"

Mwezi huu nimechagua barua tatu, zote za watu waliokwaruzana na serikali ya Uingereza mahakamani. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana mwandishi wake anakaribia kutumia pesa zake za mwisho kubisha mlango usiofunguka, huku mlango mwingine ukijifunga polepole nyuma yake. Nimezifupisha barua na kuondoa yale yanayoweza kumtambulisha mtu.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Bi Wakili. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Leicester. Miaka michache iliyopita maofisa walinikamata nyumbani alfajiri, wakaniweka kizuizini siku 47. Walisema ombi langu la kuendelea kuishi hapa lilikuwa limekataliwa na kwamba barua ya kunijulisha nilitumiwa. Barua hiyo sikuiona. Baadaye waliniachia, na ombi likaja kukubaliwa.

Nikaidai Wizara ya Mambo ya Ndani fidia kwa kunifunga isivyo halali. Kesi ilisikilizwa siku tatu katika Mahakama ya Kaunti. Wakili wangu alijitoa wiki mbili kabla kwa sababu ya ada, nikasimama mwenyewe. Jaji alisema anamwamini ofisa kwamba barua ilitumwa, akatupilia mbali madai yangu. Nikaomba kibali cha kukata rufaa palepale, akakataa. Nikapeleka fomu Mahakama Kuu pamoja na kurasa 14 za sababu nilizoziandika mwenyewe. Jaji wa huko akasoma karatasi, akakataa. Nikaomba nisikilizwe kwa mdomo, nikapewa dakika 25, nikakataliwa tena. Sasa ni wiki tisa tangu siku hiyo.

Je, naweza kwenda Mahakama ya Rufani? Na hii ni haki gani, majaji kumzuia mtu asiwakatie rufaa majaji wenzao? Halafu kuna jingine. Mwezi uliopita niliiomba wizara taarifa zote ilizonazo juu yangu, wakaniletea furushi. Ndani yake kuna karatasi inayoonyesha kuwa barua ile ilipelekwa kwenye anwani yangu ya zamani, ilhali nilikuwa nimeshawaandikia kwamba nimehama.

Aliyechoka, Leicester

JIBU

Marahaba, mwanangu. Siku 47 si kidogo, na sitajifanya kwamba sheria nitakayokueleza hapa inazifidia.

Mahakama ya Rufani huwezi kwenda. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Upatikanaji wa Haki ya mwaka 1999 kinasema waziwazi kuwa uamuzi wa kutoa au kunyima kibali cha rufaa haukatiwi rufaa. Unachoruhusiwa ni kuomba kibali hichohicho tena pale kanuni zinapokupa nafasi ya kuomba, na wewe umeshapita kote: kwa jaji aliyekuhukumu, kwa jaji wa Mahakama Kuu kwa karatasi, kisha kwa mdomo. Wala asikudanganye mtu kwamba unaweza kuwaruka wote hao ukaenda Mahakama ya Juu. Hilo liliamuliwa mwaka 1891, katika kesi ya Lane na Esdaile, na Baraza la Malodi lililokuwa kileleni mwa mahakama wakati huo: aliyenyimwa kibali na mahakama ya rufaa hawezi kuliinua katazo hilo juu zaidi. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kama kunyimwa kibali kungekatiwa rufaa, nako huko kungehitaji kibali, na kibali cha kibali kingenyimwa, na tungeendelea hivyo mpaka wajukuu.

Kuhusu haki, nitakujibu kwa yale niliyoyaona katika miaka 26 ya kukaa upande wa mdai. Jaji aliyeandika hukumu ni nadra kukupa kibali, na hafanyi hivyo kwa kiburi. Ametoka kuandika anachoamini ni sahihi. Unamwomba kwa sababu ndiyo njia inayotarajiwa, na kwa sababu atalazimika kuandika kwa ufupi kwa nini amekataa. Karatasi hiyo fupi ni mali. Watu huikunja wakaitia mfukoni bila kuisoma, kumbe humo jaji anakuonyesha mahali anapoona hoja yako imelegea. Anayehesabika ni jaji wa pili, ambaye hakuwapo kwenye kesi yako na hana cha kutetea. Naye anapimia mizani moja: je, rufaa hii ina uwezekano halisi wa kufaulu, si wa kuota tu? Kama haina, je, ipo sababu nyingine nzito ya kuisikiliza? Basi. Hapimi kama ulidhulumiwa.

Kinyongo nilicho nacho mimi ni kingine. Tangu tarehe 3 Oktoba 2016, anayeomba kibali katika Mahakama ya Rufani yenyewe hana tena haki ya kusimama mbele ya jaji baada ya kukataliwa kwa karatasi. Jaji akitaka atakuita, asipotaka umekwisha. Walisema majalada yamerundikana, na ni kweli yalikuwa yamerundikana. Lakini nimewahi kuona ombi lililokufa kwenye karatasi likafufuka kwa dakika kumi za mdomo, kwa sababu mtu aliulizwa swali moja akalijibu vizuri. Wewe dakika zako 25 ulizipata. Tuangalie ulizitumiaje.

Uliniletea kurasa mbili za mwanzo wa zile 14. Sababu ya kwanza inasomeka: "Wizara ilinidhulumu na kuniharibia maisha." Ya pili: "Ofisa alisema uongo na jaji akamwamini." Ya tatu inarudia ya kwanza kwa hasira zaidi. Mwanangu, hapa ndipo rufaa yako ilipozama. Ukishakata rufaa, mshtakiwa si serikali tena, ni hukumu. Kanuni zinaitaka mahakama ya rufaa ikubaliane nawe kwa moja kati ya mambo mawili: kwamba uamuzi ulikuwa na makosa, au kwamba haukuwa wa haki kwa sababu ya kasoro kubwa katika uendeshaji wa kesi. Haisikilizi mashahidi upya. Inasoma alichoandika jaji na kuuliza kama alikanyaga pasipo.

Na nani aaminiwe kati ya mashahidi wawili, hilo ni jambo ambalo mahakama ya juu karibu kila mara humwachia aliyewaona usoni. Mwaka 2014 kampuni mbili za mtindi, Fage na Chobani, zilifikishana Mahakama ya Rufani zikigombania kama mtindi usiotengenezwa Ugiriki unaweza kuuzwa Uingereza kwa jina la mtindi wa Kigiriki. Jaji Lewison akaandika humo jambo ambalo kila wakili wa hapa analijua kwa moyo: kesi si mazoezi ya onyesho, ni usiku wa kwanza na wa mwisho wa onyesho lenyewe. Unaweza kucheka kwamba kanuni inayokufunga wewe ilisemwa juu ya mtindi. Mimi hucheka. Lakini inafunga kweli.

Sasa tazama sababu ambayo ingeweza kusimama, kama hukumu yako ina kasoro hiyo. Sijaisoma yote, kwa hiyo nasema kama. Katika madai ya kufungwa isivyo halali, mdai akishaonyesha kwamba alifungwa, mzigo wa kuhalalisha kifungo unakuwa wa aliyemfunga. Wewe hukupaswa kuthibitisha kuwa barua haikufika. Wao ndio walipaswa kuthibitisha kila walichokiegemea ili kukufunga. Kama jaji aliandika mahali, "mdai ameshindwa kuniridhisha kwamba hakuipata barua", basi sababu yako ya rufaa ingekuwa sentensi moja: jaji alikosea kisheria, katika aya fulani, kwa kumtwisha mdai mzigo usio wake. Hiyo si hasira. Ni kidole kinachoonyesha aya. Kurasa mbili zingetosha, na jaji wa Mahakama Kuu angelazimika kuinua kichwa.

La pili ambalo hukulitaja kabisa ni wakili kukuacha wiki mbili kabla. Je, uliomba kesi iahirishwe? Kama uliomba ukakataliwa bila sababu ya maana, hiyo ingeweza kuwa kasoro ya uendeshaji. Kama hukuomba, hakuna wa kulaumiwa ila ugeni wako na mahakama, na ugeni haukubaliwi kuwa sababu. Mwaka 2018, katika kesi ya Barton, Mahakama ya Juu ilisema hivyo kwa kura tatu dhidi ya mbili: asiye na wakili anafungwa na kanuni zilezile. Mimi ningepiga kura na wale wawili, lakini sikuulizwa.

Tuje kwenye karatasi uliyoipata furushini, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Kwa kawaida ushahidi mpya baada ya hukumu hupimwa kwa masharti matatu yaliyowekwa katika kesi ya Ladd na Marshall ya 1954. Lazima uwe haungeweza kupatikana kabla ya kesi hata kwa bidii ya kawaida. Uwe na uzito wa kuweza kubadilisha matokeo. Na uwe wa kuaminika. Sharti la pili na la tatu nadhani unalipita. La kwanza ndilo litakalokukwaza, kwa sababu taarifa hizo ungeweza kuziomba kabla ya kesi kama ulivyoziomba baada yake.

Ila wewe hukuwa peke yako mwenye wajibu. Katika kesi ya madai, kila upande, hata wizara, hutakiwa kuonyesha nyaraka zilizo mikononi mwake, zikiwemo zile zinazoumiza upande wake mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, fungua jalada lako utafute orodha ya nyaraka waliyokupa kabla ya kesi. Soma kila mstari. Kama karatasi ile imo kwenye orodha, ulikuwa nayo na hukuiona. Nitakuwa mwongo nikikupa matumaini. Kama haimo, waandikie mawakili wa serikali barua fupi ya adabu: karatasi hii ya tarehe fulani ilikuwa wapi wakati wa kesi, na kwa nini haikuonyeshwa? Usitukane. Usitishie magazeti. Barua hiyo inaweza kuja kusomwa na jaji.

Jibu lao ndilo litakaloamua njia. Iko njia ya kuiomba Mahakama Kuu ilifungue tena ombi la kibali lililokwisha kuamuliwa. Ilizaliwa mwaka 2002 katika kesi ya Taylor na Lawrence, ugomvi wa mpaka kati ya majirani, na sasa imeandikwa katika kanuni ya 52.30 ya kanuni za kesi za madai. Lakini ni mlango mwembamba kama tundu la sindano: lazima kuwe na dhuluma halisi isipofunguliwa, hali iwe ya kipekee, na pasiwe na njia nyingine ya kupata nafuu. Ukikataliwa hapo, hakuna rufaa. Njia ya pili ni kufungua kesi mpya ya kutengua hukumu kwa kuwa ilipatikana kwa udanganyifu. Mwaka 2019, katika kesi ya Takhar, Mahakama ya Juu ilisema aliyedanganywa haulizwi kwa nini hakuugundua udanganyifu mapema. Neno hilo ni zito kwako, ila neno "udanganyifu" nalo halichezewi. Jalada lililopotea, karani mvivu au anwani isiyosahihishwa kwenye kompyuta si udanganyifu. Lazima uonyeshe kwamba mtu alijua na akaficha. Ukimtuhumu mtu bila ushahidi, utaongeza gharama juu ya gharama.

Na huko Strasbourg? Huko ndiko nilikomaanisha niliposema mlango unajifunga nyuma yako. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya hupokea malalamiko ndani ya miezi minne tangu uamuzi wa mwisho wa nchini. Zamani ilikuwa sita; ikapunguzwa kuanzia tarehe 1 Februari 2022, na bado nakutana na watu wanaohesabu sita. Umeshatumia wiki tisa, umebakiwa na kama nane. Wala usidhani kwamba ombi la kufungua upya rufaa litaisimamisha saa hiyo; hesabu kana kwamba halitasimamisha kitu. Hakuna ada. Fomu hupelekwa kwa posta, ikiwa imejazwa yote na kuambatishwa nyaraka zote, na kinachoangaliwa ni tarehe ya muhuri wa posta. Kiswahili hakimo katika lugha wanazopokea, kwa hiyo ijaze kwa Kiingereza.

Ila watakuuliza: je, mahakama za Uingereza ulizipa nafasi ya kulishughulikia hilo la haki yako ya uhuru? Tafuta katika madai yako ya mwanzo kama Ibara ya 5 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayolinda uhuru wa mtu, au Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 imetajwa, au angalau hoja yenyewe kwa maneno mengine. Wakili aliyekuandikia kabla ya kujitoa huenda aliiweka. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hii, na usiifanye peke yako. Kuna shirika la hisani la mawakili wa mahakamani liitwalo Advocate, linalotafutia watu wasio na uwezo wakili wa kujitolea. Waeleze tarehe ya mwisho katika mstari wa kwanza kabisa wa ombi lako.

Neno la mwisho kwako. Usipeleke ombi jingine lolote Mahakama Kuu kabla mwanasheria hajalisoma. Majaji wa hapa wana mhuri wa maneno, "halina msingi kabisa", na mtu akirundika maombi yenye mhuri huo hupigwa amri ya kumzuia kufungua chochote bila ruhusa. Wewe huna hata moja. Kaa hivyo. Na kuhusu gharama za wizara ulizoamriwa kulipa, waandikie sasa uombe kulipa kwa awamu, kabla hawajakuandikia wao.

BARUA YA PILI

Shikamoo Mama. Babu yangu alipigwa na kufungwa kambini wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya. Alikuwa katika lile kundi kubwa la pili lililoishtaki serikali ya Uingereza, likashindwa. Jirani yake alikuwa katika kundi la kwanza, akalipwa. Mateso yaleyale, kambi ileile. Sheria gani hiyo inayomlipa mmoja na kumwacha mwenzake? Na kwa nini wanasheria husema maamuzi ya namna hiyo ni magumu kuyatengua kwa rufaa?

Mjukuu, Nyeri

JIBU

Marahaba, mjukuu. Niliisikiliza sehemu ya kesi ya kwanza nikiwa nimekaa viti vya nyuma pale Mahakama Kuu, mtaa wa Strand, London, siyo kwa kazi bali kwa kuwa sikuweza kukaa nyumbani. Wazee wenyewe walikuwa wamevaa makoti mazito, wakisikiliza maneno yanayotafsiriwa.

Serikali haikuanza kwa kukana mateso. Ilianza kwa kusema kwamba deni, kama lipo, lilirithiwa na Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo. Ikaja hoja ya pili, muda. Madai ya kuumizwa mwili yana miaka mitatu, na hapa ilikuwa imepita nusu karne. Lakini kifungu cha 33 cha Sheria ya Ukomo ya 1980 kinampa jaji hiari ya kuuweka ukomo kando ikiwa ni haki kufanya hivyo. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji yuleyule aliitumia hiari hiyo, na sababu moja kubwa ilikuwa makaratasi: wakoloni waliandika kila kitu, na majalada yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, ghala la nyaraka za serikali huko Uingereza, yalikuwa yametokea. Alisema kesi ya haki bado inawezekana. Serikali ikatangaza itakata rufaa, lakini kabla rufaa haijaamuliwa ikaketi mezani. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, alisimama bungeni akaeleza kusikitishwa kwa serikali na kutangaza pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, huku akisisitiza kwamba serikali haikubali kuwajibika kisheria.

Kwa hiyo jirani ya babu yako hakulipwa na hukumu ya mwisho. Alilipwa na maelewano. Hilo watu wengi hawalijui.

Kundi la pili, zaidi ya watu 40,000, lilikwenda mpaka mwisho. Jaji Stewart aliwasikiliza kwa zaidi ya siku 200. Kwa ukubwa huo, waliteuliwa wachache wa mfano. Mwaka 2018 aliamua kwamba kwao kesi ya haki haikuwezekana tena: mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimechakaa, na nyaraka hazikumgusa mdai mmojammoja. Kifungu kilekile cha 33, jaji mwingine, wadai wengine, jibu jingine.

Na ndiyo maana nasema hiari ya jaji ni ngome ngumu. Ukikata rufaa juu ya hiari, haitoshi kuonyesha kwamba jaji mwingine angeamua tofauti. Lazima uonyeshe kwamba huyu alitumia kanuni isiyo sahihi, au aliacha jambo la lazima, au alifika mahali ambapo jaji mwenye busara hawezi kufika. Kwa mtu aliyevuliwa nguo kambini hilo linasikika kama mchezo wa maneno. Sikulaumu. Kama familia ina karatasi za babu, maelezo aliyoyatoa kwa mawakili, kadi, picha, zihifadhini. Kuna watafiti wanaokusanya kumbukumbu hizo, na mahakama si mahali pekee ambapo ushuhuda huandikwa.

BARUA YA TATU

Bi Wakili, habari za siku. Nilifungua mapitio ya mahakama, yaani kesi ya kuiomba mahakama ichunguze uhalali wa uamuzi wa wizara. Jaji alininyima ruhusa kwa karatasi, nikaomba kusikilizwa, juzi Jumatatu akaninyima tena mbele yangu. Rafiki yangu aliyewahi kushtaki anasema nina siku 21 za kwenda Mahakama ya Rufani, mwenzake anasema siku saba. Nani kweli?

Mwenye haraka, Manchester

JIBU

Salama, mdogo wangu. Barua hii nilimjibu mwenyewe kwa simu siku niliyoipata, maana kungoja gazeti lichapwe kungemmaliza. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Siku saba. Rafiki yako hakudanganya; yeye alikuwa na kesi ya kawaida ya madai, na huko ni siku 21. Lakini mapitio ya mahakama yana ruhusa ya aina mbili ambazo kila mtu huzichanganya. Kuna ruhusa ya kuanza kusikilizwa, hiyo uliyonyimwa, na kuna kibali cha rufaa. Ukinyimwa ya kwanza baada ya kusikilizwa kwa mdomo, unaiomba Mahakama ya Rufani kibali ndani ya siku saba tangu uamuzi. Uzuri mmoja upo: Mahakama ya Rufani ikikuona una hoja, inaweza, badala ya kukupa kibali cha rufaa tu, kukupa ileile ruhusa uliyonyimwa chini.

Ukichelewa, utaomba uongezewe muda, na utaulizwa kosa lako ni kubwa kiasi gani, sababu yake ni nini, na hali nzima ikoje. Katika kesi ya Hysaj ya 2014 mahakama ilisema ukosefu wa pesa za wakili si sababu nzuri, na kutokuwa na wakili si sababu nzuri. Ilisema pia kwamba ofisi za serikali nazo hazina upendeleo zikichelewa, na hilo lilinifurahisha kidogo.

Hesabu inaanza siku jaji alipotamka uamuzi, si siku amri yenye muhuri ilipokufikia. Hili nalijua kwa aibu. Nilipokuwa kijana kazini, katika ofisi ambayo siitaji, nilipewa jalada la mama mmoja mpishi wa shule aliyeidai taasisi ya umma. Tulishindwa siku ya Jumanne. Amri yenye muhuri ilikuja siku 12 baadaye, nami nikaanza kuhesabu kutoka kwenye muhuri. Nikaipeleka fomu nikiwa na uhakika kwamba bado nina siku moja mkononi. Karani wa dirishani aliitazama tarehe, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama nina ombi la kuongezewa muda. Sikuwa nalo. Tuliliandika usiku ule, likakataliwa. Nilikwenda kumwambia yule mama nyumbani kwake. Alinishukuru kwa kazi yangu, akanitilia chai, na mpaka leo ningependa angenigombeza.

Mwenye haraka wetu alipeleka fomu yake siku ya sita, na kibandiko cha kupokelewa amenitumia picha. Sasa jaji mmoja atazisoma karatasi zake peke yake chumbani, na hilo linaweza kuchukua miezi. Nimemwambia asipige simu masjala kila wiki, na akihama nyumba aiandikie mahakama siku hiyohiyo, kisha atunze nakala ya barua.